Kati ya Ndani na Njia: Tulichokiona Ekero

Ekero ni kituo cha soko kilicho jirani na mji wa Mumias, katika Kaunti ya Kakamega, magharibi mwa Kenya. Msafiri atokaye pwani hulala njiani usiku kucha ndipo afike: aipite Nairobi, avuke Bonde la Ufa, aingie Kakamega, kisha aelekee magharibi tena huku miwa ikimpokea pande zote mbili za barabara. Majumba marefu hakuna huko. Kuna maduka ya mabati yenye vibaraza mbele, bodaboda zikingoja abiria, akina mama na mafungu yao ya mboga za kienyeji, na nyuma ya hayo yote maboma ya Wawanga yaliyozungukwa na miembe, miparachichi na migomba.

Msomaji wetu wa Tudor au Kizingo, anayeishi ghorofa ya nne na kuanika nguo zake juu ya kichwa cha jirani, huenda akauliza: Ekero ina nini cha kutufunza sisi kuhusu roshani? Jibu ni kwamba Ekero bado inacho kitu ambacho wengi wetu tumekiacha chini tulipopanda ngazi. Kitu hicho ni pale mahali pa kati, ambapo si ndani wala si njiani. Na Ekero nayo imeanza kujiuliza kama itakiacha.

Kwa historia, mahali hapa si pageni kwetu. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilipiga kambi kwa Nabongo, mfalme wa Wawanga, ikitafuta pembe za ndovu na, kwa masikitiko, watumwa pia. Nabongo Mumia, ambaye mji umeitwa kwa jina lake, alitawala kwa miaka mingi, akawadiriki Waingereza, na akafariki mwaka 1949. Mumias ilikuwa makao ya utawala wa kikoloni wa eneo hilo hadi 1920, yalipohamishiwa Kakamega. Pamoja na shehena za biashara, misafara ile ilifika na dini, na hadi leo Mumias ni miongoni mwa vituo vikuu vya Waislamu magharibi mwa Kenya. Mwadhini wa Alfajiri husikika juu ya miwa kama asikikavyo kwetu juu ya maji.

Lugha nayo imesafiri, ikabadilika njiani. Ukitaja kiwanda huko, kila mtu ataelewa kiwanda cha sukari cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973. Ukitaja kiwanda Lamu, mzee atakuonyesha ule uwazi mdogo ndani ya nyumba ya mawe, usio na paa, ambapo jua na hewa huingia na watu wa nyumbani hukaa bila kuonekana na mpita njia. Neno ni moja, na yale ya Lamu ndiyo maana tunayoihitaji leo.

Boma la wifi yangu, nilipofikia, halina kiwanda cha mawe, lakini lina mpango uleule kwa vifaa vingine. Kwanza kuna njia, kisha uzio wa miti hai, kisha uwanja uliofagiwa, kisha kibaraza chenye kivuli cha mabati, kisha sebule. Nyuma ya nyumba kuna jiko na uwanja mwingine wa akina mama. Mgeni asiyejulikana husalimiwa kwenye uzio. Mzee wa mtaa huletewa kiti chini ya mwembe. Jirani wa kike hapigi hodi mbele. Huzunguka nyuma, akakuta mboga zinachambuliwa, akaketi na kushika kisu. Watoto hucheza kati ya viwanja viwili, na popote walipo kuna jicho la mtu mzima. Hakuna aliyeandika kanuni hizi ukutani. Ardhi yenyewe imepangwa hivi kwamba kila mtu anajua mwisho wa hatua zake.

Sisi wa pwani tulikuwa na mpango huohuo. Nyumba ya kale ya Lamu ilikuwa na daka mlangoni, lenye viti vya mawe, ambapo mwenye nyumba alimpokea mgeni bila kumwingiza ndani. Kutoka daka hadi kiwanda njia ilipinda, jicho la mpita njia lisipate kupenya. Na pale nyumba mbili za jamaa zilipotazamana ng'ambo ya kichochoro, palijengwa wikio, chumba kinachovuka juu ya njia mithili ya daraja, na wanawake wakapita kwenda kwa jamaa zao bila kukanyaga barabarani. Wajenzi wale walifikiria safari ya mwanamke kutoka jiko moja hadi jingine, wakaitengea mawe na boriti.

Nyumba ya Kiswahili ya Majengo, Mombasa, ilikuwa ya watu wa kipato kidogo, lakini hekima ilikuwa ileile: baraza mbele, ukumbi katikati na vyumba pande mbili, ua nyuma pamoja na jiko, bafu na choo. Mara nyingi kila chumba kilikuwa na mpangaji wake, na ua ukawa wa wote. Humo nguo zilifuliwa, nazi ikakunwa, mzazi akasaidiwa, na ugomvi ukaamuliwa kabla wanaume hawajarudi kazini. Baraza la mbele lilikuwa la wanaume, na lilikuwa na adabu yake. Mtume (S.A.W.) aliwatahadharisha masahaba juu ya kukaa njiani, na walipoeleza kwamba hawana budi kukutana hapo, akawaelekeza waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kutomuudhi mtu, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Mafunzo hayo ni ya mtu aketiye barazani, na leo yanamhusu pia aketiye kwenye roshani akiwa na mtaa mzima chini ya macho yake.

Sasa nyingi ya nyumba zile zinabomolewa, na mahali pake panainuka majumba ya ghorofa tano, sita na zaidi. Hatuwezi kulaumu kila jengo. Ardhi ya kisiwa haiongezeki, na watoto wetu wanahitaji pa kulala. Lakini nyumba zinapopandishwa moja juu ya nyingine, baraza la mbele na ua wa nyuma hubanwa pamoja hadi vikawa roshani moja ya mita moja. Roshani hiyo hutakiwa ianike nguo, ihifadhi ndoo za maji, iweke jiko la makaa, imchezeshe mtoto, ilete upepo, na baadaye, ikibaki nafasi, mama akae. Nafasi haibaki.

Haya ndiyo yaliyokuwa mezani Ekero. Familia ya mume wangu ina kiwanja kando ya barabara, urithi wa baba yao, na ndugu walikutana kuamua watakifanyia nini. Mchoro wa fundi ulionyesha jengo la ghorofa tatu juu ya maduka, nyumba nne za kupangisha kila ghorofa. Kila nyumba ilikuwa na roshani ya upana wa mita moja ikitazama barabara. Ngazi ilikuwa nyembamba, katikati ya jengo, gizani. Uwanja wa nyuma wote ungemwagiwa saruji kwa ajili ya magari, na mwembe ungekatwa.

Shemeji yangu mkubwa alieleza hesabu bila kuficha. Kila mita inayopewa roshani imetolewa chumbani, na kila chumba ni kodi, na kodi ni karo ya watoto wa ukoo. Hoja hiyo ni nzito, na mwenye kuidharau hajawahi kulipa karo ya muhula. Wifi yangu, ambaye ni mjane na ndiye atakayeishi katika nyumba mojawapo, alisikiliza mpaka mwisho. Yeye naye ni mrithi, ana fungu lake alilopangiwa na Mwenyezi Mungu, hivyo hakuwa mgeni katika kikao kile. Akasema, "Kaka, hesabu nimeielewa. Niambie tu mkeka wangu nitautandika wapi."

Hakuna aliyejibu mara moja. Fundi akachukua futi yake, tukatoka kupima kibaraza cha nyumba ya zamani. Kilikuwa na upana wa karibu mita 2. Tukajaribu mita moja kwa kuweka kamba: mswala ulienea kwa shida, na mlango ulipofunguliwa uligonga goti la aliyeketi. Kwenye mita moja na nusu watu wawili walikaa. Kwenye mita 1.8 walikaa wanne, sinia likakaa katikati, na mlango ukafunguka. Tofauti kati ya roshani ya kuanikia nguo na roshani ya kukaa binadamu ilikuwa hatua moja ya mtu mzima.

Upana pekee hautoshi. Roshani inayotazamwa na barabara nzima haitatumiwa na mwanamke mwenye kujistiri, hata ikiwa pana kama uwanja. Ataweka pazia, kisha turubai, kisha atazungushia vioo, na upepo utakuwa umekwisha. Dawa yake ni ya zamani: ukuta mzima kwa sehemu ya chini, na juu yake matofali ya matundu, ili aliyeketi apate hewa na kuona nje bila yeye kuonekana. Roshani za majengo mawili zisikabiliane uso kwa uso. Moja isogezwe pembeni, kama mlango wa Lamu ulivyopindishwa. Haki hapa ni ya pande mbili. Sheria yetu inakataza kudhuru na kudhuriana, na mafakihi tangu zamani wamezungumzia dirisha linalochungulia ua wa jirani kuwa ni dhara kama lilivyo dhara bomba linalomwagia maji ukutani.

Kuna usalama wa watoto. Katika nchi nyingi wajenzi hufuata ukingo wenye kimo cha takriban mita 1 hadi 1.1, na mianya isiyozidi sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipite. Fito zisimame wima, kwa sababu fito zilizolazwa ni ngazi kwa mtoto wa miaka mitatu. Ndoo, kiti au chungu cha maua kikiwekwa karibu na ukingo huondoa faida ya kimo chote. Jiko la makaa nalo lisiwashwe kwenye roshani iliyozibwa kwa vioo, kwani hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini.

Kuna pia jua, upepo na mvua. Ekero iko karibu sana na mstari wa ikweta, hivyo kuta zinazotazama mashariki na magharibi ndizo zinazochomwa na jua la asubuhi na la jioni. Roshani ya kusini au kaskazini hupoa. Mvua yao hupenda kuja alasiri na upepo mkali, pengine na mvua ya mawe, kwa hiyo paa lazima litokeze nje vya kutosha. Kwetu pwani mjenzi anapaswa kuujua msimu wa kaskazi na msimu wa kusi, na kuufungulia kila upepo mlango wa kuingilia na wa kutokea. Na kila roshani, popote ilipo, iwe na mteremko na bomba lake, ili maji ya kuoshea sakafu ya Bi Fulani yasiwe mvua ya nguo za Bi Fulani wa chini.

Baada ya roshani tukafika kwenye ngazi, na hapo ndipo kikao kilipogeuka. Mzee mmoja wa jamaa, aliyekuwa kimya muda wote, aliuliza: mpangaji wa ghorofa ya tatu akifariki, jeneza litashukaje? Fundi alitazama mchoro wake. Ngazi ilikuwa inapinda mahali ambapo watu wanne hawawezi kugeuka na mzigo mabegani. Je, mwili utaoshewa wapi? Wanawake watakaa wapi kumfariji mfiwa, ikiwa uwanja wote ni wa magari? Kila aliyekuwepo alikumbuka siku ya msiba wa baba yao, jinsi uwanja wa mbele ulivyojaa wanaume na uwanja wa nyuma ukajaa akina mama, na jinsi sufuria zilivyopikwa chini ya mwembe ule ule uliotakiwa kukatwa.

Jengo la ghorofa lisilo na mahali pa msiba halina mahali pa harusi, wala pa akika, wala pa darsa la akina mama. Watu wake watajuana kwa milango tu. Zanzibar imelipitia jambo hili kabla yetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, yalijengwa majumba makubwa ya ghorofa Kikwajuni na baadaye Michenzani, katika eneo la Ng'ambo lililokuwa la nyumba za chini zenye baraza na ua. Familia nyingi zilipata kuta imara na vyoo vya ndani, na hiyo ilikuwa neema. Lakini anayepita Michenzani jioni huona watu wameirudisha baraza kwa mikono yao: wanaume wameketi chini ya majumba, biashara ndogo zimepangwa ukutani, watoto wamegawana kila kipande cha uwanja. Watu huunda mahali pa kati hata pale mchoraji alipowasahau. Ila wenye kuunda kwa urahisi ni wale wanaoweza kukaa hadharani. Mama mwenye mtoto mchanga ghorofa ya sita, na bibi ambaye magoti yamemkataa, hao hungoja mchoraji awakumbuke.

Kwa wale wanaonunua nyumba ghorofani, kuna jambo la sheria linalofaa kujulikana kabla ya kutoa fedha. Kenya ina sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, iliyochukua nafasi ya ile ya 1987. Kwa sheria hiyo mnunuzi hupata hati ya nyumba yake, na pamoja nayo fungu katika mali ya pamoja, yaani yale yote ya jengo na kiwanja yasiyo ndani ya nyumba ya mtu mmoja. Wenye nyumba huunda shirika la kusimamia mali hiyo. Basi uliza na utazame ramani iliyosajiliwa: roshani imo ndani ya nyumba yako au ni ya pamoja? Paa ni la nani? Uwanja wa nyuma umeandikwa bustani au maegesho? Akina mama wahudhurie mikutano ya shirika hilo na kupiga kura kwa haki zao, kwa kuwa wao ndio wanaokaa na jengo kutwa nzima. Na anayejenga, hata Ekero, anahitaji idhini ya kaunti chini ya sheria ya upangaji wa matumizi ya ardhi ya 2019. Wakati wa kutafakari ni kabla ya mchoro kupelekwa huko.

Ndugu wale walikaa siku mbili zaidi. Mwishowe fundi alichora upya. Nyumba zikawa tatu kila ghorofa badala ya nne. Roshani zikahamishiwa upande wa nyuma na kupewa upana wa mita 1.8, zikiwa na matofali ya matundu. Ngazi ikapanuliwa na kusogezwa ukutani ili ipate mwanga. Uwanja ukagawanywa: nusu ya magari, nusu ya udongo, mwembe ukabaki. Shemeji alikubali, lakini hakuficha kwamba kodi ya nyumba tatu imepotea na kwamba karo itachelewa kutoshelezwa kwa miaka kadhaa. Wifi akasema fungu lake la kodi lipunguzwe kwanza kabla ya mengine. Hilo nalo lilijadiliwa, na ndugu zake wakalikataa. Hasara itagawanywa kama urithi ulivyogawanywa.

Si kila familia itaweza kutoa nyumba tatu. Ila iko mingi inayowezekana bila gharama kubwa katika majengo tuliyomo tayari: kukubaliana siku za akina mama juu ya paa, kuondoa vyuma vikuukuu katika uwanja, kupanga zamu ya kufagia ngazi, kupanda mti mmoja, kuweka benchi moja mlangoni kwa ajili ya mzee apandaye akichoka. Haya huanza kwa jirani mmoja kubisha mlango wa mwenzake akiwa na sahani mkononi, kama ilivyokuwa uani Majengo.

Ukipata nafasi ya kusafiri, nenda Ekero. Utaswali Mumias pamoja na ndugu zako, utaonja mboga ya mrenda na ugali wa wimbi, na jioni utaketi barazani mpaka mvua ipite. Ukirudi, simama kwenye roshani yako uipime kwa hatua. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu kuwa na utulivu ndani yake, stara kwenye milango yake, na nafasi ya jirani kuketi. Amin.